Wageni wa Hanang: Waliokaa na Waliopita

Mtu wa Oslo au Toronto akiambiwa anahamia kijijini Tanzania, hufungasha kaptura, kofia ya jua na chandarua. Akifika Gitting mwezi wa Julai, kitu cha kwanza anachoulizia ni blanketi. Kata hii ya Wilaya ya Hanang iko katika nyanda za juu za Manyara, kwenye nchi inayoungana na Mbulu, na kipupwe chake hakina mzaha. Asubuhi ukungu hutanda hadi ng'ombe walio zizini husikika kabla hawajaonekana. Watoto huenda shule wamejifunga mashuka juu ya sweta, na wazee huota jua ukutani mpaka saa nne. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, hukaa na mawingu yake kichwani siku nzima.

Ninaanza na baridi kwa sababu ndiyo somo ambalo mgeni hupewa na nchi hii bila kuambiwa na mtu: kwamba alichosoma kuhusu ukanda wa joto hakitoshi. Masomo mengine hutoka kwa watu, na hayo huchukua miaka. Kuna wageni waliokaa wakayapata, na kuna waliofanya kazi kubwa hapa kwa miaka ishirini na zaidi wakaondoka bila kuyapata. Habari zao zinatuhusu sisi wenyeji kuliko tunavyodhani, maana wageni bado wanakuja: madaktari, watafiti, watu wa kujitolea, wawekezaji wa kilimo.

Tukumbuke kwanza kwamba kuhamia si jambo geni Hanang. Wabarabaig, ambao ni tawi kubwa la Wadatoga, walikuwa zamani na malisho yao Ngorongoro, hadi Wamasai walipowasukuma kusini katika karne ya 19. Ndani ya bonde lile la Ngorongoro bado lipo kaburi la mkubwa wao, na hawajaacha kulienzi. Wairaqw nao, ambao leo ndio wengi katika vijiji vingi vya nyanda za juu, walitoka Kainam kwenye milima ya Mbulu, wakaenea kizazi baada ya kizazi kuelekea Karatu, Dongobesh, Haydom na hadi huku Hanang. Jirani yao upande wa Singida ni Wanyaturu na Wanyiramba, na kuelekea Ziwa Eyasi wako Wahadzabe. Familia nne za lugha ambazo hazina undugu zinakutana katika eneo ambalo basi hulivuka kwa siku moja.

Watu wa namna hii wanajua mgeni apokelewe vipi, na wanajua pia mgeni anapaswa afanye nini. Kwa Wairaqw wa zamani, pori jipya halikuwa makazi kwa sababu tu mtu amekata miti na kulima. Lilipaswa kupatanishwa na watu wake kwa tambiko, wazee wakizunguka mipaka na kuiombea. Hata leo katika mikusanyiko ya wazee hutolewa slufay, zile dua ndefu za kishairi ambazo msemaji mmoja hutoa na waliokaa huitikia, zikiomba amani, mvua, mifugo na uzao. Mgeni aliyewahi kukaa katika kikao hicho, hata kama hakuelewa neno, huondoka akijua kwamba mahali hapa pana wenyewe.

Mzungu wa kwanza kuandika kwa kirefu kuhusu nchi ya Wairaqw, Oscar Baumann wa Austria, alipita hapa mwaka 1892 na msafara wenye bunduki. Alipita tu. Baadaye Wajerumani walijenga boma lao Mbulu, kisha wakaja Waingereza na wakuu wao wa wilaya. Walikuja pia watu wa dini, na hapo ndipo habari ya kuishi, tofauti na kutawala, ilipoanza. Mapadri Wapalotini kutoka Ireland walijenga misheni, na mmoja wao, Patrick Winters, akawa askofu wa kwanza wa Jimbo Katoliki la Mbulu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 masista Wairish wa shirika la Medical Missionaries of Mary wakaanza kazi ya tiba Dareda, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Lakini mfano ninaotaka kukaa nao zaidi ni wa Haydom.

Haydom iko upande wa kusini-magharibi wa Mbulu, karibu kilomita 300 kutoka Arusha. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walipoamua kujenga hospitali pale mwanzoni mwa miaka ya 1950, palikuwa pori na barabara haikuwa ya kutegemea. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1955 ikiwa na vitanda 50. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akafika Dk. Ole Halgrim Evjen Olsen pamoja na mkewe Kari, ambaye kwa watu wa huko alikuwa Mama Kari. Daktari huyo aliongoza hospitali kwa zaidi ya miaka arobaini. Mtoto wao, Dk. Øystein Evjen Olsen, aliyekulia Haydom, naye alikuja kuiongoza hospitali hiyohiyo.

Miaka arobaini si mkataba. Mtu anayekaa muda huo huona watoto aliowapokea chumba cha uzazi wakirudi kujifungua watoto wao. Huanza kuugua magonjwa ya hapo na kula njaa ya hapo. Ukame ukija, shamba lake la mboga hukauka sawa na la jirani. Wagonjwa wa Haydom walitoka Mbulu, Hanang, Iramba, Singida na kwa Wahadzabe wa Eyasi, kila mmoja na lugha yake. Kiswahili pekee hakikutosha. Mama wa Kibarabaig aliyekuja kutoka Basotu na vazi lake la ngozi na bangili zake za shaba hakuwa lazima akijue. Ndiyo maana hospitali ile haikuwahi kuwa ya daktari peke yake. Aliyeifanya iende ni mhudumu wa Kiiraqw aliyejua Kidatoga, aliyeweza kukaa kati ya daktari na bibi na kueleza maumivu ya mmoja kwa mwingine. Chuo cha wauguzi kilichoanzishwa pale kilizaa mamia ya watu wa aina hiyo. Leo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ina vitanda zaidi ya 400, iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT, na inaongozwa na Watanzania.

Sisemi kwamba Haydom haina kasoro. Kwa miaka mingi ilitegemea mno fedha za Norway, na hospitali inayolishwa kutoka mbali hutikisika mlishaji akipunguza mkono. Hilo ni deni la kweli ambalo viongozi wa sasa wanalibeba. Lakini ukiuliza kama wageni wale waliwahi kupata makazi, jibu lake liko wazi: ndiyo, tena watu wa pale waliwahesabu kuwa wao.

Je, hayo makazi hupatikana vipi siku kwa siku? Hapa mambo makubwa yamefichwa ndani ya madogo.

Chukua maji. Nchi hii imezaliwa na volkano, na maji ya visima na chemchemi nyingi za Manyara yana madini ya floridi kupita kiasi. Utaona vijana wazuri wenye meno ya kahawia tangu utotoni. Si uchafu, ni maji waliyokunywa meno yalipokuwa yanaota. Familia ya kigeni yenye watoto wadogo ikifika Gitting haina budi kuuliza kila mwenyeji ni kisima kipi wanakunywa na kipi wanafulia, na jibu la akina mama wachota maji hutangulia kipimo chochote. Nyumba bora ni ile yenye paa la bati lililo safi, mifereji mizima na simtanki pembeni, kwa sababu maji ya mvua hayana floridi. Mvua nzito huja kati ya Februari na Mei. Aliyefika Juni bila tangi atanunua maji kwa madumu ya punda mpaka mwaka ugeuke.

Chukua usiku. Nyumba za udongo za nchi hii ni nzuri kwa baridi. Tembe la Wairaqw, lililochimbwa ubavuni mwa mlima na kuezekwa udongo, lilihifadhi watu na ng'ombe wakati wa uvamizi. Lakini nyufa za ukuta na sakafu ya udongo ndiyo makao ya papasi. Kupe huyu mlaini hatoki mchana. Hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi, kisha hurudi ufani, na aliyeumwa asubuhi hana habari. Baada ya siku kadhaa homa kali hupanda, hushuka, mtu akadhani amepona, kisha hurudi tena. Homa ya papasi imeonekana sana Mbulu, na mgonjwa asipopimwa damu vizuri hutibiwa malaria bure. Bibi yeyote wa kijijini atamwambia mgeni atandike kitanda mbali na ukuta, apige sakafu lipu, asilale chini hata kama mkeka umetandikwa kwa heshima. Mgeni anayeona ushauri huo ni imani za kizee atajifunza kwa homa.

Chukua maziwa. Hakuna heshima kubwa Hanang kuliko kumpa mtu kibuyu cha maziwa ya mgando yaliyofukizwa moshi. Maziwa mabichi yana hatari ya brusela, ugonjwa unaotupa mimba za ng'ombe na kumwachia binadamu homa na maumivu ya viungo ya miezi. Kukataa kibuyu ni kukataa mwenyeji. Wageni waliokaa muda mrefu wamepata njia ya heshima: hupokea kwa mikono miwili, hushukuru, kisha huomba chai ya maziwa iliyochemka. Mama mwenye nyumba hufurahi kupata nafasi ya kuwasha moto, na mazungumzo hurefuka.

Na chukua msiba. Hapa ndipo mgeni hupimwa kweli. Anaweza kuwa amechimba kisima, amejenga darasa, analipa karo za watoto kumi. Akisikia kengele ya msiba akabaki ndani na kompyuta yake, bado ni mpangaji. Akienda, hata akikaa kimya kwenye benchi kutwa nzima, akachangia sawa na wenzake bila kuzidi ili kuonekana, akashika chepeo zamu yake ilipofika, kesho yake watoto watamwita kwa jina lake badala ya kumpigia kelele za "mzungu". Walimu na wauguzi wetu wanaopangiwa Hanang kutoka Tanga, Mtwara na Dar es Salaam wanaijua sheria hii kwa uchungu. Wao pia ni wageni huku, hawajui Kiiraqw, wanatetemeka kwa baridi, na wengi wanaanza kuandika barua ya uhamisho wiki ya kwanza. Waliobaki ni waliozika na watu.

Sasa nije kwenye upande mwingine wa habari, maana bila huo tutakuwa tumesema nusu.

Miaka ya mwisho ya 1960 serikali ya Tanzania ilitaka nchi ijilishe ngano. Miji ilikuwa inakua, mkate ulikuwa unatakiwa, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Kanada, nchi yenye tambarare za ngano zisizo na mwisho, ikakubali kusaidia. Kuanzia mwaka 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wa Kanada walifanya kazi na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kuanzisha mashamba saba makubwa kwenye tambarare za Basotu: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Kila shamba lilikaribia ekari 10,000. Yalikuja matrekta makubwa na kombaini, mbegu zilizofanyiwa utafiti, mbolea, vipuri. Ngano ilivunwa kweli, tena nyingi, na watu wa mijini walikula mkate wake.

Tambarare zile hazikuwa tupu. Wabarabaig waliita ardhi yake nzuri kuliko zote muhajega, na ilikuwa sehemu moja ya mzunguko wa malisho uliopangwa kwa misimu: mvua ikianza ng'ombe wako huku, ikikatika wanakwenda kule, kisha ardhi inapumzika majani yaote. Mtu aliyepita msimu ambao ng'ombe hawapo aliona nyasi na akadhani hapana mwenyewe. Kuondoa muhajega katika mzunguko huo kulikuwa ni kuvunja mzunguko wote. Ng'ombe walibanwa kwenye ardhi dhaifu, ardhi ikachoka, maziwa yakapungua, watoto wakaumia.

Kibaya zaidi kilikuwa makaburi. Mzee mwenye heshima kwa Wabarabaig huzikwa kwa bung'eda: kichuguu kikubwa cha udongo kinachojengwa kwa hatua kwa muda wa miezi, ukoo wote na jirani wakishiriki, pombe ya asali ikitolewa, vijana wakikirefusha safu kwa safu. Baada ya hapo kichuguu hubaki mahali pa dua kwa vizazi. Ndani ya mashamba ya ngano palikuwa na makaburi ya namna hiyo, na trekta zilipita juu yake. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Fikiria kaburi la babu yako, lile ambalo mama yako alikupeleka kuombea kabla ya mtihani, halafu umkute mtu kiti cha juu akilima mistari iliyonyooka juu yake, na ukifika kuuliza uambiwe umevamia shamba la serikali.

Watu walikwenda mahakamani. Mwaka 1981 Kijiji cha Mulbadaw na wakazi wake 67 waliishtaki NAFCO, na Mahakama Kuu ikawapa haki kwa sehemu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua. Moja ya hoja zilizowaangusha ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Wabarabaig wa Basotu wakatakiwa kuthibitisha uenyeji wao Basotu! Mtafiti Charles Lane aliyeishi miongoni mwao aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, Pastures Lost, kilichotoka mwaka 1996, na wazee wa Kibarabaig waliwapelekea wananchi wa Kanada malalamiko yao moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali yenyewe iliunda tume kuchunguza madai ya ukiukaji wa haki za binadamu kwenye mashamba hayo. Baadaye mashamba yakabinafsishwa. Sehemu ikaenda kwa wawekezaji, sehemu ikarudi kwa vijiji.

Sina sababu ya kuamini kwamba wataalamu wale wa Kanada walikuwa watu wabaya. Walikuja kwa mwaliko wa serikali yetu, na ardhi iliyotolewa haikuwa yao kuitoa. Wengi walifanya kazi kwa bidii wakidhani wanalisha taifa. Lakini mpangilio wa maisha yao uliwanyima jirani wa kuwaambia ukweli. Waliofundishwa walifundishwa matrekta. Wageni wenyewe hawakufundishwa na mtu. Kipimo chao kilikuwa gunia kwa ekari. Mgeni wa Haydom asingeweza kukaa wiki moja bila mwenyeji wa kumtafsiria bibi. Mgeni wa Basotu aliweza kumaliza mkataba mzima bila kumhitaji Mbarabaig hata mmoja, na mimi naona kosa lote lilitokea katika nafasi hiyo.

Sheria za leo ni bora kuliko za wakati ule. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ilipotungwa haikumruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo imeweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake. Mgeni anayekuja kuishi hupitia uhamiaji kwa kibali cha ukaazi, kisha hujitambulisha wilayani, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Karatasi hizo ni za lazima, lakini hazimwambii mgeni kaburi liko wapi wala ng'ombe hupita wapi Novemba.

Wala hazimwambii maji yalipita wapi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka na tope likashuka na mawe na magogo hadi Katesh, Jorodom na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Waliokumbwa na tope hilo wengi hawakuwa wageni hata kidogo. Lakini tangu siku ile, yeyote anayetaka kujenga kwenye miteremko ile, awe Mnorwe, awe mfanyabiashara wa Arusha, awe kijana wa hapohapo anayeanza maisha, ana wajibu wa kwenda kwa wazee kuuliza korongo hili lilikuwa na maji mwaka gani mara ya mwisho. Huo ni ujuzi wa mwenyeji ambao haumo katika ramani yoyote ya kiwanja.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande mbili. Kwa mashirika, makanisa na makampuni yanayotuma watu Mbulu na Hanang: punguzeni mikataba ya miezi sita. Mtu akifika, mpeni miezi mitatu ya mwanzo bila kazi nyingine ila kujifunza Kiswahili na salamu za Kiiraqw au Kidatoga, akae kwa familia, aende mnadani na misibani. Na kwa halmashauri za vijiji, kuanzia Gitting hadi Basotu: mgeni yeyote anayeomba mahali pa kukaa au pa kulima, mpelekeni kwanza kwa wazee wamwonyeshe kwa mguu mipaka, njia za mifugo, vyanzo vya maji na makaburi, na muandike katika kumbukumbu za kijiji kwamba ameonyeshwa, kabla muhuri haujagongwa.